Hati ya kunyonga ilisema azikwe wapi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Busia. Baba yangu mkubwa alikuwa miongoni mwa watu walionyongwa katika gereza la Luzira, Kampala, mwaka 1999. Nyumbani habari tulizisikia redioni. Hatukupewa mwili, hatukuonyeshwa kaburi, na hatuna karatasi hata moja. Nyanya yangu anazidi kuzeeka na anataka ajue mwanawe amelazwa wapi. Watu wananiambia mambo ya kunyonga ni siri ya serikali, nikiuliza nitajitafutia makubwa. Je, mwananchi wa kawaida anaweza kuomba rekodi hizo akapewa?

Jibu:

Mwalimu, mfikishie nyanya salamu zangu, na pole ambayo imechelewa miaka mingi. Nianze na hilo la mwisho, maana ndilo linalowafunga watu miguu. Kuuliza si kosa. Katiba ya Uganda ya 1995, ibara ya 41, inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa dola, isipokuwa zile ambazo zikitolewa zinaweza kudhuru usalama au mamlaka ya nchi, au kuingilia faragha ya mtu mwingine. Sheria ya Kupata Habari ya 2005, iliyoanza kutumika Aprili 2006, ndiyo iliyoweka utaratibu. Ndani yake mna jambo ambalo makarani wengi hawalijui, au wanalijua na kujifanya hawalijui: mwombaji hadaiwi sababu. Afisa akikuuliza "unazitakia nini?" unaweza kumjibu kwa adabu, unaweza pia kunyamaza. Haki yako haipungui kwa lolote kati ya hayo mawili.

Lakini kuwa na haki ni jambo moja, na kutoka ofisini na karatasi mkononi ni jambo lingine. Nimekaa kwenye mabenchi ya masijala nyingi za Kampala na ninajua watu wanapoangukia. Huandika: "Naomba rekodi zote zinazohusu kunyongwa kwa ndugu yangu." Ombi kama hilo ni zawadi kwa afisa asiyetaka kuinuka kitini. Atakujibu kwamba jambo hilo ni nyeti, au halieleweki, au halipo katika ofisi yake, na kila jibu litaonekana kuwa na ukweli kidogo. Omba karatasi kwa jina lake. Jina hilo huhitaji kulibahatisha, kwa sababu kisheria Uganda haiwezi kumnyonga mtu bila makaratasi. Kila hatua inazaa karatasi yake, na sheria ndiyo inayoamuru izaliwe. Anayekunyima karatasi ambayo sheria imeamuru iwepo ana kazi kubwa ya kujieleza kuliko anayekunyima "habari nyeti".

Basi tufuate njia aliyopita baba yako mkubwa. Kwanza kuna jalada la kesi katika Mahakama Kuu: mashtaka, ushahidi, hukumu. Kisha kuna rufaa. Ibara ya 22 ya Katiba hairuhusu uhai wa mtu utolewe mpaka hatia na adhabu vimethibitishwa na mahakama ya rufaa ya juu kabisa, kwa hiyo lazima pawe na uamuzi wa mwisho uliothibitisha adhabu yake. Baada ya hapo ibara ya 121 inaleta Kamati ya Ushauri juu ya Msamaha wa Rais, ambayo mwenyekiti wake ni Mwanasheria Mkuu wa Serikali, akiwa na raia sita wenye heshima walioteuliwa na Rais. Ibara hiyo inataka jaji aliyesikiliza kesi ya mtu aliyehukumiwa kifo aandike taarifa, nayo ifikishwe kwa Kamati. Hiyo nayo ni karatasi. Ndipo Rais anaamua: asamehe, apunguze adhabu, au aiache itekelezwe.

Akiiacha itekelezwe, anatia sahihi hati ya kunyonga. Hapa ndipo nataka usome polepole, Mwalimu. Sheria ya mwenendo wa kesi katika Mahakama Kuu tuliirithi katika ukoo uleule wa sheria za kikoloni ulioziachia Kenya na Tanzania, na inataka hati hiyo itaje mahali pa kunyongea, wakati wa kunyongea, na ielekeze mwili uzikwe wapi. Nyanya anatafuta kaburi, nawe umekuwa ukifikiria rekodi za gerezani, kumbe maelekezo ya kaburi yalipaswa kuandikwa kabla ya kaburi kuchimbwa, katika karatasi moja yenye sahihi ya mkuu wa nchi. Hiyo ndiyo ya kwanza kuomba. Iandike hivi: nakala ya hati ya kunyonga ya fulani bin fulani, aliyehukumiwa katika kesi namba fulani, hasa sehemu inayoelekeza mahali pa maziko. Ya pili ni kumbukumbu ya Magereza inayoonyesha kwamba hati ilitekelezwa: siku, saa, na mahali mwili ulipozikwa. Ya tatu ni cheti cha kifo. Hicho kiulizie NIRA, ofisi ya vitambulisho na usajili, kwa sababu kifo ni kifo hata kikitokea kitanzini, na vifo vyote vinapaswa kusajiliwa. Familia nyingi za watu walionyongwa hazijui hata kwamba zinaweza kuomba cheti hicho, na bila cheti hata shamba la marehemu linabaki kuning'inia.

Sasa utaratibu. Kwa mujibu wa Sheria ya Kupata Habari, afisa wa habari wa taasisi ni mkuu wake mwenyewe, kwa hiyo ombi la Magereza liandikie kwa Kamishna Jenerali wa Magereza. Usimwandikie bwana jela wa Luzira, hata kama umeambiwa ni mtu mwema. La Mahakama liende kwa Msajili. La ile taarifa ya jaji liende Wizara ya Sheria na Mambo ya Katiba, kwa kuwa Mwanasheria Mkuu ndiye anayeongoza Kamati. Kuna fomu maalum iliyo katika kanuni za 2011, na kuna ada ya shilingi 20,000. Ada hiyo imelalamikiwa sana, na mimi ni mmoja wa walalamikaji, kwa sababu Sheria yenyewe inasema malipo yasizidi gharama halisi ya kutafuta na kunakili. Lakini ukitaka kupigana vita vya ada na vita vya kaburi kwa siku moja utachoka na vyote viwili. Lipa, dai risiti.

Andika kwa Kiingereza. Najua Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya nchi hii tangu marekebisho ya Katiba ya 2005, lakini Katiba hiyohiyo inasema kitatumika pale Bunge litakapoelekeza kwa sheria, na katika masijala za Kampala hutapata anayeona aibu kukwambia hasomi Kiswahili. Nyanya akitaka kuomba mwenyewe na hajui kusoma wala kuandika, sheria inamtaka afisa apokee maneno yake ya mdomo na kuyaandika. Taja sheria kwa majina yake na usitegemee namba za vifungu pekee, maana toleo jipya la sheria za Uganda lililoanza kutumika Julai 2024 limebadilisha namba nyingi, na nimeshuhudia barua nzuri zikirudishwa kwa sababu ya namba ya zamani.

Peleka ombi kwa mkono. Beba nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, urudi nayo Busia. Muhuri huo ndio saa yako. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na inaweza kujiongezea 21 nyingine mara moja tu, ikitoa sababu. Siku zikiisha kimya, sheria inauhesabu ukimya huo kuwa umekataliwa, na mlango wa mahakama unafunguka. Bila muhuri huna tarehe, na bila tarehe huna kesi. Kuna ofisi moja, sitaitaja, ambayo iliniweka zaidi ya miezi miwili ikisema barua yangu "iko mezani kwa mkubwa". Nilipotoa nakala yenye muhuri, faili likapatikana siku ileile.

Kuna jambo dogo linalowahusu ninyi watu wa mpakani. Haki hii Katiba imempa raia. Shirika la mazingira la Greenwatch liliwahi kuishtaki serikali likitaka mkataba wa umeme wa Bujagali. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ilikubali kwamba mkataba ni habari iliyo mikononi mwa dola, lakini shirika likaanguka kwa sababu halikuthibitisha kuwa ni raia. Busia ni mji mmoja wenye nchi mbili. Kama kitambulisho chako ni cha upande wa pili wa mpaka, usiombe wewe, aombe ndugu mwenye kitambulisho cha Uganda. Na vyovyote iwavyo, weka pamoja na ombi barua ya nyanya yenye dole gumba lake na barua ya mwenyekiti wa LC, yaani baraza la kijiji, inayosema huyu ni mama wa marehemu.

Barua hizo mbili zina kazi nyingine, maana kizuizi cha kwanza utakachowekewa ni faragha. Watakwambia habari za mfungwa ni za mfungwa. Jibu lako ni kwamba mwenyewe ni marehemu, na anayeuliza ni aliyemzaa. Kizuizi cha pili ni usalama wa nchi. Hapo waulize, kwa maandishi, mahali alipozikwa mtu zaidi ya miaka 25 iliyopita panaitishiaje nchi. Kizuizi cha tatu kina uzito kweli: usalama wa watu waliofanya kazi ile. Majina ya mnyongaji na wasaidizi wake hutapewa, na mimi ningekushauri usiyaombe kabisa. Hayamsaidii nyanya, na yanampa afisa sababu halali ya kulikunja ombi zima. Karatasi ikiwa na majina hayo, omba wayafiche wakupe sehemu iliyobaki. Sheria inaruhusu kutenganisha, tena inataka itenganishwe.

Kuhusu Kamati ya msamaha, matarajio yako yasipande sana. Taarifa ya jaji unaweza kuipigania. Kumbukumbu za mazungumzo ya Kamati na sababu za Rais kukataa ni shida zaidi, kwa sababu ni ushauri kwa mkuu wa nchi na Rais halazimiki kueleza. Wakikwambia ni siri za Baraza la Mawaziri, usikubali. Ni kweli Sheria ya Kupata Habari haigusi kumbukumbu za Baraza la Mawaziri na kamati zake, lakini Kamati hii imeundwa na Katiba yenyewe na haimo katika Baraza hilo. Nijuavyo mimi, huko ndiko kwenye giza nene zaidi katika safari nzima ya adhabu ya kifo hapa kwetu. Mtu anaweza kujua kila neno lililosemwa mahakamani, asijue neno hata moja lililosemwa mahali uhai wa ndugu yake ulipoamuliwa mara ya mwisho.

Ukikataliwa, unakwenda kwa Hakimu Mkuu wa eneo, na kutoka hapo Mahakama Kuu. Sitakudanganya kwamba ni barabara ya lami. Waandishi wa habari wawili, Charles Mwanguhya Mpagi na Angelo Izama, walipeleka serikali mbele ya Hakimu Mkuu wa Nakawa wakitaka mikataba ya mafuta, na mwaka 2010 wakashindwa, mahakama ikiona hawajaonyesha kwamba manufaa kwa umma yanazidi madhara. Wewe una nafuu ambayo wao hawakuwa nayo. Wao waliomba mikataba ya makampuni, yenye fedha na nchi nyingine ndani yake. Wewe unaomba maelekezo ya maziko. Hakimu ana mama.

Wakati unasubiri hizo siku 21, usikae bure, kwa sababu hazina kubwa ya habari kuhusu kunyonga Uganda iko wazi tayari na watu wachache wanaifungua. Ni kesi ya Susan Kigula na wenzake 417 dhidi ya Mwanasheria Mkuu, iliyofunguliwa mwaka 2003, ikaamuliwa na Mahakama ya Katiba Juni 2005 na Mahakama ya Juu tarehe 21 Januari 2009. Shirika la haki za binadamu la FHRI ndilo lililoisimamia. Kwa kuwa walalamikaji walidai kunyonga kwenyewe ni ukatili, ilibidi kueleza mahakamani jinsi kunavyofanyika, kwa hati za viapo. Mambo ambayo ofisi yoyote ingekwambia ni siri yakaingia katika hukumu, na hukumu inasomwa bure katika ULII, tovuti ya sheria na hukumu za Uganda. Mahakama ya Juu ilikataa kuifuta adhabu ya kifo, na ikakubali kitanzi kiendelee. Lakini ilisema jaji asilazimishwe na sheria kutoa hukumu ya kifo bila kusikiliza utetezi juu ya adhabu, na mtu aliyekaa zaidi ya miaka mitatu baada ya adhabu kuthibitishwa bila kunyongwa wala kusamehewa abadilishiwe iwe kifungo cha maisha. Kigula mwenyewe alitoka gerezani mwaka 2016, akiwa amesomea sheria humohumo ndani. Usimsomee nyanya sehemu hii kabla hujaipima, kwa sababu atafanya hesabu ya miaka kutoka 1999 hadi 2009.

Soma vilevile hukumu za Mahakama ya Juu za miaka ya tisini. Waliopelekwa kitanzini Aprili 1999 walikuwa 28 kwa mara moja, na tangu hapo Magereza hayajanyonga raia tena. Jina linalokumbukwa zaidi kati yao ni la Haji Musa Sebirumbi, mwanasiasa wa chama cha UPC wa Luwero. Wengine wamebaki kuitwa "wale 28". Ukishapata namba ya rufaa ya baba yako mkubwa, jalada lina mahali pa kuanzia. Kwa magazeti ya wiki zile nenda maktaba kuu ya Makerere, sehemu ya Afrika, uombe New Vision na Monitor za Aprili na Mei 1999. Chukua leso, vumbi lipo.

Kuna wazee watakaokwambia kwamba zamani mambo haya yalikuwa wazi. Wanakumbuka Februari 1973, Amin alipowapiga watu risasi hadharani katika miji kadhaa, Kabale ikiwa mmojawapo, umati ukiitwa kutazama. Na Septemba 1977 pale Clock Tower, Kampala. Mimi siuiti huo uwazi. Waliuawa kwa amri ya mahakama za kijeshi, familia ziliona kwa macho, na nyingi hazikubaki na ukurasa mmoja wa kuonyesha ndugu yao alishtakiwa nini. Hata Kotido mwaka 2002, askari wawili walipopigwa risasi mbele ya watu kwa kumuua padri wa Ireland na wenzake wawili, siku nne tu zilitosha toka mauaji hadi adhabu, bila rufaa. Kuona si kujua. Serikali inaweza kukuonyesha kila kitu na ikakuficha kila kitu.

Upande wa pili, dunia imekuwa ikiisihi serikali yetu itoe hesabu. Azimio la Baraza la Uchumi na Jamii la Umoja wa Mataifa la 1989 linazitaka nchi zenye adhabu ya kifo zichapishe, ikiwezekana kila mwaka, wangapi wamehukumiwa, wangapi wamenyongwa, wangapi wamepunguziwa adhabu. Unaweza kulitaja katika barua yako mstari mmoja. Lisizidi mstari mmoja; afisa wa Kampala hatishwi na New York, anatishwa na hakimu wa hapa.

Nikuandae na jibu moja ambalo ni baya kuliko kukataliwa: "haipatikani". Mchwa, mafuriko ya stoo, kuhama ofisi, nimeyasikia yote. Ukiambiwa hivyo, usiondoke na maneno ya mdomo. Dai barua inayosema rekodi haikupatikana na inayoeleza walitafuta wapi. Kuharibu au kuficha rekodi kwa makusudi ni kosa la jinai chini ya Sheria hii, linaloweza kumfunga mtu hadi miaka mitatu, na afisa anayetakiwa kuandika "tumetafuta" kwa sahihi yake mara nyingi hutafuta tena. Nakala ya hati ikikosekana Magereza, iulizie katika jalada la Mahakama Kuu. Karatasi zilizopita mikononi mwa taasisi nyingi ni vigumu kupotea zote. Tume ya Haki za Binadamu ya Uganda nayo ina mamlaka ya kikatiba ya kuingia magerezani, na malalamiko kwake hayana ada.

Na karatasi ikipatikana, ikasema amezikwa ndani ya eneo la gereza la Luzira, kama nionavyo inawezekana sana, kutaka kufika pale si ombi la habari tena. Hilo ni ombi la kawaida kwa Kamishna Jenerali, na hakuna fomu yake. Liandike kurasa mbili zisijae: nani anaomba kuingia, siku gani, watu wangapi, na kwamba mtakuja na dua tu. Mtaje nyanya kwa umri wake. Kisha omba, kama wataweza, wamwekee kiti kivulini, maana kule juu jua la ziwani ni kali na kaburi lisilo na alama huchukua muda kutafutwa.